Ada ya Wenyeji

Kosa lile nililifanya kwa kujiamini kabisa. Chuo kikuu cha Ohio kiliniuliza kwetu wapi, nami nikajibu Virginia.

Wazazi wangu waliachana nilipokuwa darasa la sita, huko huko Marekani walikohamia. Mama alibaki nami Ohio, Baba akapata kazi Virginia. Siku zote za shule nililala kwa Mama. Kwa Baba nilikwenda sikukuu. Lakini kila kiangazi nililetwa Maskati kwa Bibi, mamake Baba, na hapa mtu akikuuliza kwenu wapi, hana haja na unapolala. Anataka kujua wewe ni wa nani. Kwenu ni kwa baba yako. Nilikuwa nimewajibu hivyo mashangazi wote wa Sidab, mtaani kwa Bibi, tangu nijue kusema, na chuo nacho nikakijibu vivyo hivyo.

Wakanipokea, ila kwa ada ya watu wa majimbo mengine. Mama asingeiweza hata angeuza gari. Bila ada ya wenyeji, nisingesoma. Ili wanibadilishie ada walitaka cheti cha shule, mkataba wa nyumba ya Mama, na maelezo ya Baba mwenyewe, yenye saini yake, kwamba mimi naishi kwa Mama.

Baba naye alikuwa Maskati, likizoni. Kutwa nzima nilipanga maneno. Niliwaza akikasirika, nikawaza akinyamaza, nikawaza akikubali halafu aje akasirike siku ya harusi yangu. Mwishowe nilisema tu, baada ya laasiri, Bibi akichagua mchele kwenye sinia.

Baba aliweka kikombe chini. "Niandike mwanangu hakai kwangu? Kwa mkono wangu? Watu watasema nimekutupa."

"Watu gani, Baba? Atakayesoma ni karani mmoja tu, Ohio."

"Karani si mtu?" Akamgeukia Bibi. "Mama, unamsikia huyu?"

"Nnamsikia." Bibi hakuinua macho. "Hebu mke mwenzangu, mswaki wako uko wapi?"

"Kwa Mama, Bibi."

"Na kwa huyu bwana je?"

"Hununua mpya kila nikienda."

Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika mkekani. Baba hakucheka. Alikuwa akiniangalia, akingoja na mimi nicheke.

"Baba," nikasema, "hawaulizi mimi ni wa nani. Hilo wangeuliza, ningewajibu bila kukusumbua. Wanauliza nimekaa wapi."

Akaomba kalamu.

Aliandika polepole, kwa herufi zake za kihandisi. Mstari wa kwanza ulisema walichotaka: tangu mimi na mama yake tuachane, binti yangu anaishi kwake, Ohio. Chini yake akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwomba: kwangu pia ana chumba, na kitanda chake kimetandikwa.

Niliogopa. Karani ataona nina nyumba mbili, atanirudisha Virginia, nitakosa chuo kwa ajili ya shuka. Ningeweza kumwomba auondoe mstari ule. Nilimtazama akiirudishia kalamu mfuniko wake, nikajua siwezi, na nikajua pia kwamba mstari wa kwanza unatosha.

Niliituma ile karatasi vile vile. Ofisi ikanihesabu mwenyeji, nikasoma hadi nikahitimu, na habari za kitanda hakuna aliyeniuliza.