Mama Pumzi na Kopo la Chembe Kavu

Kwa heshima na taadhima, wasomaji wote wanaarifiwa kwamba ndani ya chumba hiki hutengenezwa pumzi ya wanadamu. Hakuna haja ya kusimama. Mtengenezaji mwenyewe amevaa ndala moja. Ya pili ameikandamiza chini ya mguu wa meza isiyotulia.

Ni asubuhi, mvua inanyesha, na kompresa, mashine ya kubana hewa, inanguruma mpaka glasi ya chai inatembea yenyewe juu ya meza. Mama Pumzi, kama anavyoitwa na mtaa mzima, anaidaka bila kuitazama. Kazi yake ni kujaza hewa kwenye mitungi ambayo watu huibeba mgongoni wanapoingia mahali pasipovutika pumzi. Leo anajaza ya wapiga mbizi wanaosafisha matangi.

"Watu wanadhani nauza upepo," anasema. "Jirani aliniletea baiskeli nimjazie. Nikamwambia, shoga, nikikutilia hii, tairi tutalitafuta juu ya paa la msikiti."

Hewa hiyo hubanwa mara mia tatu kuliko hii tunayovuta. Ikibanwa, inatoa maji kama nguo inayokamuliwa. Maji mengi humwagwa kwa bomba. Kinachobaki ni mvuke usioonekana, na huo hunyonywa na chembe kavu zilizojazwa ndani ya silinda nene ya chuma.

Chembe zipi? Hapo ndipo maisha ya mama huyu yalipopinda.

Ziko za silika, zinazong'aa kama kioo, hutiwa rangi ya buluu na kugeuka waridi zikishiba maji. Ziko za alumina, nyeupe na ngumu. Halafu ziko za rangi ya udongo ambazo mafundi huziita chujio, kwa sababu zina vitundu vidogo mno vinavyonasa mvuke hata ukiwa haba, hata hewa ikiwa ya moto.

"Mimi nilizipenda za buluu," anasema. "Nilitaka kitu ninachokiona. Nachungulia kidirisha cha silinda, naona buluu, nakwenda kulala."

Fundi aliyemuuzia mashine alimwonya kwamba silika haitaweza chumba chenye joto namna hii. "Nikamwambia asinifundishe kupika jikoni kwangu. Na nilicheka, mwanangu. Kicheko kile ningekirudisha kama ningeweza."

Joto lilipopanda, silika ikaanza kuachia unyevu. Matone ya maji yakapenya katikati, yakazipasua chembe zikawa unga. Zile za kidirishani zilibaki buluu, nzuri kabisa. Mitungi ikashika kutu kwa ndani.

Zimamoto mmoja, mume wa dada yake, akaingia kwenye ghala linaloungua akiwa na mtungi uliojazwa hapa. Vumbi la kutu likaziba vali. Akavua barakoa katikati ya moshi. Alitoka hai, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Siku hizi anapokea simu kituoni.

"Hajanilaumu hata mara moja," anasema Mama Pumzi, akifuta meza ambayo ni safi. "Angenitukana ningepata nafuu. Nikienda kwa dada, ananivutia kiti. 'Karibu shemeji, kaa hapa penye feni.' Feni anaihitaji yeye."

Kituo kiliondoa mitungi yake yote. Sasa kimekubali kumjaribu tena: kesho mkaguzi anakuja kupima ukavu wa hewa. Hewa ikifaulu, wazimamoto watarudi kujaza kwake. Chujio la zamani lililomo mashinini linaishia kwa mitungi ya leo, kwa hiyo ameagiza kopo moja jipya la chujio kutoka mbali, na amelingoja miezi miwili. Limefungwa kwa utepe, na halifunguliwi mpaka dakika ya kumimina, kwani chembe hizo hazichagui: zinakunywa hata unyevu wa chumbani.

Mchana anazima mashine na kupakua chakula. "Njoo ule, mwandishi. Huko chuoni, bwenini kwenu, mnalishwa nini, chaki?"

"Chaki ni ya Jumapili, mama."

Anacheka mpaka anakohoa. Mwandishi wa makala haya anaomba kwanza apige picha moja mbili, kisha anakuja kula, tena anaongeza.

Baada ya chakula, Mama Pumzi analifuata kopo na kukuta utepe umekatwa; analowesha kiganja na kuweka chembe chache juu yake. Zikiwa kavu, hupata moto papo hapo kiasi cha kumfanya mtu azitupe. Anangoja. Anazifumbata. Anangoja tena.

"Baridi," anasema. "Zimeshakunywa. Nani amefungua kopo hili?"

Mwandishi anaitazama dari kwa umakini wa kitaaluma, kisha anataja panya.

"Panya mwenye mkasi?"

Hangoji jibu. Anapiga simu kituoni, na anayepokea ni yule yule.

"Shemeji, mwambie mkaguzi asije. Chembe zimeharibika."

"Huna nyingine?" Sauti inakatizwa na kikohozi kirefu.

"Ninazo za buluu. Siziweki hata nikifunga duka."

"Basi tungoje, shemeji. Tumeshangoja mengi."

Anakata simu, ananyoosha mkono. "Nionyeshe picha zako."

Picha ya kwanza, ya kujipiga mwenyewe: kijana amesimama mlangoni, mvua nyuma yake, kidevu juu kama profesa, kopo wazi mkononi. Ya pili, kopo liko wazi kizingitini. Pale ndipo lilipobaki muda wote tulipokuwa tukila.

Ni mimi. Nilikata utepe ili picha yangu ipendeze gazetini, nikalisahau kopo kwa sababu chakula kilinukia. Nikamwambia hivyo, na sauti yangu haikuwa ya profesa.

Hakunifokea. Alisema ataagiza jingine, miezi miwili mingine, na kwamba shemeji yake ataendelea kumwona barabarani akiwa hana jipya la kumwambia. Kisha akanisogezea kiti.

"Sasa iandike kama ilivyo," akasema. "Kwa kosa langu mimi, niliisingizia mitungi wiki nzima kabla ya kusema kweli."

Nimeiandika.