Kipa wa Bura Niliyemtukana

Leo nimemtukana shemeji kabla hajawa shemeji.

Tulienda kucheza mpira kule Bura, sisi timu ya shamba la mkonge. Mimi shabiki, nikasimama nyuma ya goli lao. Kipa mnene, nikampigia kelele: "Wee gunia! Mbuzi wa Ndara anadaka kukushinda!"

Tukashinda. Nikanawa miguu, nikapanda kwa kina Righa kumposa. Tangu mke wangu afe nakula ugali mbichi. Nimechoka.

Baba yao alishakufa. Kaka mkubwa ndiye anaamua, na mimi nilikuwa simjui.

Akaingia na matope magotini.

Gunia mwenyewe!

Akanimiminia mbangara, pombe ya kwao. "Kunywa, bwana wa nyuma ya goli. Mbuzi amekukaribisha."

Righa akacheka mpaka akatoka nje.

"Dada nitakupa," kaka akasema. "Lakini Jumapili tunarudiana. Utasimama nyuma yangu tena, na utanishangilia mimi. Kwa sauti ileile."

Nikamaliza kibuyu. Nikasema sawa.

Haya, watu wa mkonge, nitukaneni. Mwenyekiti, nifukuze ukitaka. Klabu yetu haijawahi kunipikia hata kunde.