Mbio Zangu Kuelekea Matangi ya Maji

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: kaptula ilinianguka uwanjani, mbele ya wanaume, wanawake na watoto wao, Ijumaa jioni hapa Doha, mji ambao hata nguo ya ndani ukiianika dirishani unaianika kwa adabu. Sasa chekeni, mcheke mmalize, kwa sababu kaptula ndiyo sehemu ndogo ya mkasa huu.

Kila mwaka, fainali ya mpira wa Kiaustralia inapochezwa kwao mchana, kwetu huku ni asubuhi, na sisi tuliowahi kuucheza hukusanyika sebuleni kwa mmoja wetu kule Abu Hamour, tunakula mayai na mkate wa khubz, na mapumziko yakifika kila mtu anaanza kujisifu jinsi alivyokuwa zamani. Kuna mmoja alivunjwa pua akaendelea kucheza (na kila mwaka pua hiyo inavunjika zaidi). Halafu wananigeukia mimi, wanatabasamu tu, nami najua zamu yangu imefika.

Mimi ni Wafula, mtu wa Bungoma, na wakati ule nilikuwa mlinzi wa geti kwenye shule moja ambayo uwanja wake Waaustralia waliuazima jioni kufanyia mazoezi. Mpira wao una umbo la yai, unapigwa kwa mguu, unakamatwa kwa mikono, na mtu akikimbia nao lazima audundishe chini kila baada ya hatua kadhaa. Mara kwa mara ulikuwa unaruka ukuta na kuangukia kwangu, nami niliyekuwa golikipa nyumbani nilikuwa naudaka kabla haujagusa chini, halafu naurudisha kwa teke. Siku moja nahodha wao, jamaa mrefu mwenye shingo nyekundu anayeitwa Barry, mhandisi wa kule Lusail, akaja getini akaniuliza siku yangu ya mapumziko ni lini. Nikamwambia Ijumaa. Akasema, "Basi Ijumaa wewe ni wetu," na hivyo ndivyo nilivyosajiliwa, bila karatasi, bila majaribio, na viatu nikaletewa.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana bila hili mtadhani nilikimbia siku ile kwa sababu ya sifa. Baba yangu alifariki nikiwa huku. Pasipoti ilikuwa imefungiwa ofisini kwa kampuni yangu, kibali cha kutoka nchini kilihitaji sahihi ya bosi, na kila nikienda naambiwa bukra, kesho, na wakati huo maiti iko mochari na ndugu zangu wanapiga simu kuuliza kama wazike au wangoje. Barry alipoona sikuja mazoezini alinitafuta mpaka chumbani kwetu Al Rayyan, akasikia habari, na asubuhi yake akaenda na mimi ofisini, akaketi kwenye kiti cha wageni, akasema hana haraka. Alikaa. Walimletea chai akanywa, wakamwambia bosi ana mkutano akasema atamngoja, adhuhuri ikapita, akatoa kitabu akasoma, mpaka wenyewe wakachoka na ile shingo nyekundu, wakaleta pasipoti na sahihi. Nilimzika baba yangu kwa mikono yangu, nikatia udongo, nikarudi kazini. Mtu aliyekufanyia hivyo unamlipa nini? Mimi sikuwa na kitu cha kumlipa.

Ndipo ikaja mechi yake ya mwisho. Mkataba wake ulikuwa umeisha, anarudi Australia na familia yake, na mechi yenyewe ni dhidi ya wageni kutoka Bahrain, watu ambao Barry hakuwahi kuwafunga tangu afike Doha. Kila mwaka wanakuja, wanatushinda, wanakula nyama choma yetu, wanaondoka. Sote tulijua anachokitaka. Nami nikajiambia, Wafula, deni lako litalipwa Ijumaa hii.

Sasa njooni kwenye uamuzi mdogo ulioniponza. Rafiki yangu wa chumbani, Opio, Mganda, mpishi wa hoteli, aliamka Ijumaa hiyo akapika biriani ya mbuzi kwa heshima yangu. Nikamwambia nina mechi jioni, nitaonja kijiko tu.

"Ssebo, bwana wangu, kijiko ni cha mgonjwa," akasema Opio. "Utakimbia na tumbo tupu namna gani? Kula, sisi tunakuja kukushangilia."

Nikaonja. Nikaongeza. Nikachukua na laban, maziwa ya mtindi, baridi ya kuteremshia, halafu nyingine kwa sababu joto lilikuwa kali, na kufikia wakati wa kuondoka nilikuwa natembea kama mama mjamzito anayehesabu wiki. (Opio mpaka leo anasema biriani haikuwa na kosa, kosa ni la laban. Mimi nimewasamehe wote wawili.)

Mechi ya mpira huu ina robo nne, na kila robo ikiisha timu zinabadilishana upande. Kila robo. Sio kama soka, ambapo mnabadilishana mara moja tu wakati wa mapumziko. Nililijua hilo? Nililijua, ila mazoezini hatukuwa tunabadilisha, kwa hiyo lilikaa kichwani kama namba ya simu ya mtu usiyempigia. Na kila upande una nguzo nne zilizosimama, hakuna wavu wala golikipa: ukipitisha mpira kati ya zile mbili za katikati unapata pointi sita, ukipitisha pembeni unapata moja.

Robo mbili za kwanza nilicheza kwa shida lakini nilicheza. Ya tatu tulikuwa tunashambulia upande wa matangi ya maji ya shule, na hapo ndipo basi la kampuni likaingia na Opio na vijana wa chumbani na wengine wa vyumba vya jirani, Wakenya kwa Waganda, wakajipanga kando ya uwanja na masufuria ya kupiga. Wakauliza tunafunga wapi, wakaonyeshwa matangi. Wakaridhika.

Robo ya tatu ilipoisha, tumbo likaniita, na lilivyoniita halikuwa la kuomba. Wenzangu wakakusanyika kumzunguka Barry kupokea maelekezo, mimi nikakata mbio kwenda choo cha kibanda cha walinzi, pale pale ninapofanyia kazi, na nikiwa bado huko ndani nikasikia honi ya pikapu, ambayo ndiyo filimbi yetu ya kuanza robo. Tumbo halikuniachia mpaka robo ikakaribia kuisha, ndipo nikatoka mbio. Kamba ya kaptula sikuifunga, nilisema nitaifunga nikifika. Nilipofika mtu wetu mmoja alikuwa anachechemea kutoka nje, mtu akanisukuma mgongoni, "Ingia, ingia," nikaingia nimeshika kiuno.

Nilikuta pointi zimelingana, sawa kwa sawa, na mwisho wa mechi umekaribia. Nikaona mpira umepigwa juu, unashuka, watu wamekusanyika chini yake kama kuku kwenye mahindi, na ule ugolikipa wangu ukaamka. Nikaruka, nikaudaka juu ya vichwa vyao. Nikashuka nao. Nikatazama mbele yangu nikaona matangi ya maji, nguzo nne, na katikati hapana mtu.

Nikakimbia.

Ndugu zangu, sijawahi kukimbia vile. Nadundisha mpira kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kaptula, na lililonishangaza ni kwamba watu wa Bahrain hawakunizuia. Waliachia njia. Mmoja akakimbia sambamba nami, hata akanipungia mkono niendelee, nami nikajisemea kweli leo wameniogopa. Nyuma yangu nilisikia wenzangu wanapiga kelele kwa Kiingereza chao cha kumeza maneno, nikadhani ni shangwe. Na kando ya uwanja masufuria yanalia, Opio amevua shati anakimbia nami kwenye mstari.

"Wafula! Hakuna golikipa! Piga, hakuna golikipa!"

Na kweli hakukuwa na golikipa, maana mpira huo hauna golikipa. Lakini watu wangu walikuwa wameonyeshwa upande wa kufungia, na kwa mtu wa soka upande ni upande; robo hiyo hata pointi za Bahrain kwenye matangi walizipigia masufuria wakidhani ni zetu. Barry, maskini, alikuwa ananifukuza kwa nguvu zake zote zilizobaki, ananyoosha mkono anishike, akakosa kwa vidole. Nikapiga. Mpira ukapita katikati kabisa ya nguzo za katikati, teke safi kuliko yote niliyowahi kupiga, nami nikainua mikono yote miwili juu kumshukuru Mungu.

Yote miwili. Kaptula nayo ikapata uhuru wake.

Mngedhani mtu angeinama aivute. Mimi sikuhisi kitu, kwa sababu nilikuwa namtazama mzee wa bendera, yule mwamuzi anayesimama kwenye nguzo na koti jeupe, ambaye goli likiingia huinua vidole viwili, na yeye ameinua kimoja, yaani pointi moja. Nikamwendea kwa hatua fupi fupi, kaptula ikiwa kwenye vifundo vya miguu, na boksa yangu ya rangi ya chungwa ikionekana mpaka Lusail.

"Mzee, imepita katikati," nikamwambia. "Watu wote wameona."

"Imepita katikati, kijana wangu," akanijibu kwa upole. "Ila robo hii nguzo hizi ni zenu, nyinyi ndio mnaozilinda. Pointi ni ya Bahrain."

Nikageuka. Nikaona wale wa Bahrain wamekaa chini kwa kucheka, mmoja amejifunika uso na soksi. Nikaona mama mmoja anamgeuza mwanawe upande mwingine. Masufuria yakanyamaza, moja moja. Na Opio, aliyesimama kwenye mstari bila shati, akauliza kwa sauti ya chini mtu aliye karibu naye, "Kwani wamehama lini?"

Barry akauchukua mpira, akaurudisha mchezoni kwa teke refu, na kabla haujatua honi ya pikapu ikalia. Tulishindwa kwa pointi moja. Yangu.

Waswahili wanasema fadhila za punda ni mashuzi, na mimi siku ile nilikuwa punda kamili, na kwa biriani ile hata mashuzi hayakukosekana. Nilivuta kaptula nikakaa pale pale nyuma ya nguzo. Sikutaka kuonekana. Nililia, sitaficha, sikulilia kaptula, nililia kwa sababu mtu mmoja niliyetaka kumpa kitu nilikuwa nimempa kushindwa.

Barry akaja. Nilidhani atanitukana na ningemshukuru kwa matusi hayo. Akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akaishika kamba ya kaptula yangu akaifunga, fundo mara mbili, kama anavyofungwa mtoto wa nasari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka hana sauti.

"Kepteni, nisamehe," nikamwambia. "Nilitaka ushinde. Nilitaka nikulipe ile siku ya ofisini."

Kicheko kikaisha. Akakaa kwenye nyasi kando yangu.

"Unilipe?" akasema. "Wafula, baba yangu alikufa mwaka wangu wa kwanza hapa. Pasipoti yangu ilikuwa mfukoni. Hakuna aliyenizuia. Tulikuwa tunamwaga zege wiki ile, nikasema nitaenda baadaye, wakamzika bila mimi." Akang'oa unyasi mmoja akautazama. "Siku ile ofisini sikukaa kwa ajili yako peke yako."

Nikamuuliza baba yake aliitwa nani. Akaniambia, Keith, fundi wa kukata manyoya ya kondoo, mtu mkimya. Tukakaa pale hadi Opio akaja na sahani ya biriani iliyobaki (mtu huyu hana aibu), na Barry akala yote kwa mkono.

Mafunzo niliyoyapata ni haya: siku ya mechi sili kitu kinachopikwa kwenye sufuria kubwa, kamba naifunga kabla ya kutoka chooni, na sishangilii kabla ya kumuuliza mtu anayejua. Wenzangu pale sebuleni huwa wanapiga makofi hapo, wanadhani nimemaliza, na mimi huwaacha wapige. Ila nikirudi Bungoma likizo, asubuhi ya kwanza naenda kaburini, nang'oa magugu, namsalimia baba, namwambia nimefika. Halafu nasema, na wewe Keith, mwanao anakusalimu. Nasema kwa sauti, na jirani zangu wanadhani Uarabuni kumeniharibu, nami sijawahi kuwaeleza.