Mwaka Bonde la Baridi Lilipopoteza Uchachu

Siku yangu ya kwanza katika stoo ya mvinyo nilisimama mlangoni, sijui miguu niiweke wapi. Nilikuwa nimetoka kulinda geti la maghala kule Ras Al Khor, katika jiji la Waarabu, shingo imeungua jua, na sasa hoteli iliyoniajiri ilinipangia chumba chenye baridi kama alfajiri ya kwetu Kinangop. Mkuu wa Mvinyo alikuwa mama wa Kitanzania, mzaliwa wa Dodoma. Alinimiminia glasi mbili za mvinyo mweupe.

“Onja, kisha tema humu,” alisema, akinisogezea ndoo.

“Mama, mimi ni mtu wa kanisa.”

“Ndiyo maana nikasema uteme.”

Ya kwanza ilinibana taya kama ndimu. Ya pili ilikuwa nzito, ikanukia embe lililoiva, ikaacha moto kooni.

“Ya kwanza imetoka bonde la baridi,” alinieleza. “Huko zabibu huiva polepole na uchachu hubaki. Ya pili ni ya nchi ya jua. Sukari hupanda upesi, na sukari ndiyo inayogeuka kileo. Kwetu Dodoma ukichelewa kuvuna wiki moja tu, uchachu umeshakimbia.”

Alinirudisha kwenye glasi hizo mpaka nikaweza kutaja nchi nikiwa nimefumba macho. Aliporejea kwao nilishika nafasi ya mhudumu mkuu chini ya Meneja wa Vinywaji, mtu wa pupa, kila sentensi yalla, yaani haraka. Nami sikuwa mtulivu. Nilihama mtaa wa Satwa nikaenda mtaa wa Discovery Gardens, nikabadilisha vitanda mara tatu, na hata siku ya mapumziko nilipanda metro kwenda kutazama kipimajoto cha stoo.

Ndipo mgeni wetu wa miaka mingi akarudisha glasi.

“Huu si mvinyo wangu. Huu ni wa nchi ya joto.”

Meneja alinivuta kando. “Umejaza nini kwenye chupa hii? Sema sasa, la sivyo leo viza yako inakatwa.”

Nikaonja. Embe tupu. Lakini kibandiko kilitaja bonde lile lile la baridi. Nilifikiria karo ya binti yangu, nikaweka glasi chini.

“Sir, naomba kasha lisilofunguliwa. Fungua wewe mwenyewe, mbele ya mgeni. Na chupa moja ya mavuno ya zamani.”

Akafungua. Mgeni akaonja ile mpya: embe tena. Akaonja ya zamani, akakunja uso kwa ule uchachu aliouzoea.

“Shamba ni moja, bwana,” nikasema. “Mwaka huu mpya ndio uliowaka jua.”

Mgeni akausoma mwaka kwenye kibandiko. “Kumbe joto limefika hata kule,” akasema.

“Khalas, yameisha,” akasema Meneja, akaondoka. Hakuniomba radhi hata siku moja.

Sasa nimestaafu. Nafungasha mizigo, naifungua tena, nasimama dirishani. Kinachoninyima raha ni wahudumu niliowafundisha kwamba bonde lile ni ndimu, milele. Juzi nilianza kuwapigia mmoja mmoja.

“Lile bonde, lionje upya,” nikamwambia mwanafunzi wangu wa mwisho, binti wa Kampala.

“Mwalimu, mtihani wa mvinyo ni Alhamisi! Niandike nini?”

Nikazunguka chumba kizima na simu sikioni.

“Andika nilivyokufundisha, maana wasahihishaji bado wanafuata vitabu vya zamani,” nikasema. “Lakini mezani, mwambie mgeni ukweli.”