Maziwa kwa Lugha za Ndugu

Sisi tuliokulia Korogwe enzi za kubeba viatu vya shule mkononi visichakae, tulikuwa na mchezo wa kamba ambao sijauona kwingine. Mwalimu wetu wa historia, aliyewahi kusoma seminari, alipenda kutuambia kwamba Kilatini hakikufa, kilizaa. Maziwa, lacte, yakafika Italia yakawa latte, Uhispania leche, Ureno leite, Romania lapte. Usiku nao, nocte, ukapita njia hizohizo: notte, noche, noite, noapte. Basi jioni, harufu ya mahindi ya kuchoma ikitutekenya pua, tuliruka tukiimba latte, leche, leite, lapte! Vijana wa leo wakiagiza kahawa ya latte huko Dar huipiga picha kwanza. Sisi tuliiruka pekupeku.

Nyumbani, baba alikuwa Mzigua wa Kang'ata, Mwislamu. Mama alikuwa Mshambaa wa Vugiri, binti wa kanisani. Bibi zetu wawili walinuniana tangu harusi. Mama alipojifungua kitindamimba wetu, Saidi, wote wawili walifika na mabunda yao, kila mmoja akijua kuwa kumwangalia mzazi ni kazi yake. Wakawa wanasemezana kupitia kwetu watoto, kwa Kiswahili cha wageni: "Mwambie bibi yako anipishe jikoni." Mama alilia kitandani, akiogopa ndoa yake itavunjikia palepale.

Asubuhi moja bibi wa Kang'ata akanung'unika kwa Kizigua kwamba uji wa mzazi ni maji matupu. Bibi wa Vugiri akamjibu papo hapo kwa Kishambaa kwamba mzazi halishwi zege. Wakatazamana, wakagundua kuwa wameelewana bila mkalimani, kisha wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo kila mmoja alisema kwa lugha yake, wakipiga soga huku mtoto akihamishwa mapaja, nami nikasikia mchezo wetu wa kamba ukiongea jikoni kwetu. Nilikuwa na raha isiyo na jina.

Bibi zangu wametangulia. Mwaka huu mama ameugua, Kiswahili kimemtoka, amebaki na Kishambaa tu. Saidi alikuja kutoka Dar, akamshika mkono, kisha akanigeukia.

"Dada, mama anasemaje?"

"Anakuuliza kama umekula."

Enzi zetu mtoto alifuata ugomvi wa lugha mbili bila kukosa neno. Leo mtu mzima anatafsiriwa maneno ya mama yake mzazi. Saidi aliinamisha uso, machozi yakimtoka. Mama akarudia swali lake taratibu, akamtazama, akingoja ajibu.