Kitambaa cha Jicho la Kulia

Mama yangu, Mwanvua binti Alimasi, alikuwa na namna yake ya kumimina chai. Aliishusha birika polepole mpaka mdomo wake uguse ukingo wa kikombe, akasikia ule mlio mdogo, ndipo akaiinamisha. Wanawake wa Kabambare walidhani huo ndio ustaarabu wa watu wa Kasongo, na wengine wakaanza kumwiga. Hata leo nikienda arusini naona mabinti ambao hawakumjua mama yangu wakigusisha birika na kikombe, na moyo unanishuka. Hawajui kwamba yule aliyeigwa na bibi zao hakuwa na njia nyingine ya kujua kikombe kiko wapi.

Alitutoka mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake. Wajukuu wake wananiuliza habari za jicho lake, na kila mmoja ameokota hadithi yake njiani. Naandika niliyoyasikia kwake na kwa bibi yangu, na yale niliyoyaona mwenyewe nikiwa mdogo.

Alizaliwa Kasongo, katika mtaa wa Waislamu, miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Macho yake yalikuwa sawa mpaka alipoanza kusema maneno mengi. Kisha akaugua surua, na alipopona jicho la kushoto likawa linaelekea puani. Watu wakatafuta sababu. Shangazi zake walisema kosa ni la bibi yangu, Faida, kwamba alimbeba mtoto mgongoni akimgeuza upande mmoja tu, akazoea kuchungulia huko. Bibi aliyaamini maneno hayo na yakamkaa moyoni. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika kombe, aya zilizooshwa kwa maji, mtoto akayanywa, na jicho likabaki vilevile.

Ndipo akapita daktari Mzungu aliyekuwa akizunguka kupima watu. Mkalimani wake alikuwa muuguzi kijana, Célestin, Mbangubangu wa upande wa Kabambare aliyesomeshwa na mapadri. Daktari alimulika macho ya mama yangu, akasema, na Célestin akatafsiri: wafunge jicho la kulia, lile zuri, kutwa nzima, kila siku, mpaka daktari arudi. Jicho zuri likifungwa, lile linalozembea litalazimika kufanya kazi.

Bibi alifanya kama alivyoambiwa. Mama yangu akawa anagonga masufuria na kujikwaa kizingitini, analia. Hayo Bibi aliyavumilia. Kilichomshinda kilitokea chuoni. Majuma yaleyale mwalimu alikuwa amewafundisha watoto habari za Dajjali, yule mwongo atakayekuja mwisho wa dunia, kwamba jicho lake la kulia limepofuka. Mama yangu alipoingia na kitambaa chake, mvulana mmoja, Bulaimu, aliruka kutoka mkekani.

"Dajjali huyo! Dajjali iko Kasongo!"

Chuo kizima kikatoka mbio, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha. Mwalimu mwenyewe alicheka kwanza, ndipo akakumbuka kuchukua fimbo.

Jioni ile Bibi alikifungua kitambaa, akakihamishia jicho la kushoto. "Ni nani aliona mutu anafunga muguu muzima, anaacha wenye kidonda?" aliwauliza waliokuwapo. Na tiba ile ya Bibi ilionekana kufaa. Mtoto alitembea tena bila kugonga kitu. Jicho lililopinda halikuonekana, na watu wakamsifu jinsi alivyopendeza. Watoto nao wakamwacha, kwa sababu Dajjali hakupofuka jicho la kushoto.

Daktari aliporudi, mvua za mwaka mwingine zilikuwa zimekwisha kunyesha na kukatika. Alifungua kitambaa, akapima, akamwambia Célestin maneno ambayo Célestin hakuyatafsiri. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Mama, mulifunga jicho gani?"

"Lenye ugonjwa," Bibi akajibu.

Célestin aliangalia chini. Jicho la kushoto lilikuwa limezoea giza. Liliweza kujua mchana na kivuli cha mkono, basi.

Mama yangu alikua msichana mrefu, mwenye sauti nzuri. Lakini Kasongo wanawake walitwanga mpunga watatu kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda huu unashuka, na wimbo ndio unaogawa zamu. Anayeona kwa jicho moja hajui vizuri mchi wa mwenzake uko umbali gani. Alikuwa akigonganisha michi, na siku moja akamponda binamu yake kidole. Baada ya hapo walimpa kinu kidogo, akatwanga peke yake kando ya nyumba. Aliniambia kwamba alikuwa akiupokea wimbo wao kutoka kule alikokuwa, na wao hawakujua.

Baba yangu, Abedi, alimwoa akampeleka Kabambare, alikokuwa na duka la chumvi na vitambaa. Jicho halikumsumbua. Aliwaambia rafiki zake, "Muke wangu anaangalia miye na mulango kwa pamoja. Nani atatuibia?" Mama yangu alikuwa akimtupia ganda la ndizi.

Nikazaliwa mimi, Zamuda. Nilikuwa na miaka minne hivi. Mama alikuwa akipepeta mchele, nami nimekaa mbele yake naokota mawe. Niliinua uso nimwonyeshe jiwe, akaona jicho langu la kushoto limeingia puani. Aliweka ungo chini. Hakunipeleka kwa mwalimu, wala hakumngoja baba. Alinifunga mgongoni, mtoto mkubwa kama mimi, akaenda nami hadi dispansari.

Mkuu wa dispansari ya Kabambare alikuwa Célestin yuleyule, sasa ana mvi. Alimtazama mama yangu, akanitazama mimi, akavuta kiti.

"Ni mgongo wangu?" mama akauliza. "Nimemubeba vibaya?"

"Hapana, Mama Zamuda. Mgongo hauna kosa. Hata wa mama yako haukuwa na kosa."

Mama aliniambia baadaye kwamba neno hilo la pili lilimliza. Célestin akaeleza. Mtoto kama huyu huona vizuri vya mbali, lakini vya karibu havioni mpaka akaze macho. Anapoyakaza, jicho moja huvutika ndani. Mara nyingi huanza umri huohuo na hufuata ukoo. Hata ile surua ya mama haikuuleta ugonjwa wake, ilimchosha tu mpaka ukajitokeza. Na kichwa hakipendi kuona vitu viwiliviwili, kwa hiyo hulipuuza jicho lililopinda, na jicho linalopuuzwa likiwa changa husahau kuona.

"Linakuwa changa mupaka lini?"

"Mupaka meno ya utoto yaanze kutoka. Baadaye tunaweza kupaka dawa, tunaweza kukata, lakini kuona kwenyewe kunakuwa kugumu sana."

Daktari wa wakati ule alipokuja alinitia dawa ya matone, dunia ikawa ukungu, akanipima na vioo. Miwani ilitoka Bukavu. Ilikuwa kubwa kuliko uso wangu, mama akaifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Na juu ya jicho la kulia, chini ya kioo, kikawekwa kitambaa.

Nakumbuka ukungu wa siku zile, na vidole vyake. Tulikaa mkekani tangu asubuhi, ungo kati yetu, nitoe mawe kwenye mchele kwa lile jicho baya. Nikilia, aliimba. Nikikivuta kitambaa, alinishika mikono yote miwili, na sijapata kushikwa hivyo tena. "Kidogo tu, mama," aliniambia. Mimi mtoto wake aliniita mama.

Mjini watu wakaanza maneno. Hadithi ya Dajjali inajulikana Kabambare kama Kasongo. Baba alirudi kutoka dukani amenuna.

"Wateja wananiuliza nimezaa nini."

"Uwaambie umezaa binti."

"Mwanvua, sisi tunakaa na watu. Muhamishie kushoto tu, siku za Ijumaa."

"Hata Ijumaa," mama akasema, "jicho linasahau."

Ilipokaribia Idi, Bibi Faida alikuja kutoka Kasongo. Aliniona mlangoni akasimama, mzigo bado uko kichwani. Asubuhi ya Idi, nilipokuwa nimevalishwa gauni jipya, alinyoosha mkono akaanza kufungua kitambaa. Mama alimshika kiganja. Hakuwahi kumshika mama yake hivyo.

"Leo tu, mwanangu. Watu wote watatoka kupeana mikono. Watamukimbia kama walivyokukimbia."

"Hawatamukimbia peke yake."

Akachukua mtandio mwembamba, akaufunga juu ya jicho lake la kulia, lile moja aliloonea tangu utotoni. Baba alikuwa akifunga vifungo vya kanzu, mikono ikasimama.

"Mwanvua, utaanguka!"

"Zamuda ataniongoza."

Tukatoka. Mimi nilikuwa na jicho lililokwisha kuanza kujifunza, yeye alikuwa na mwanga na vivuli tu. Nikamvuta mkono: hapa kuna shimo, hapa kuna mbuzi. Watoto walitukuta karibu na duka na wakaanza kelele zao. "Dajjali! Dajjali!"

Mama akasimama, akageuza uso upande sauti zilikotoka, si sawasawa.

"Ninyi munasoma chuo gani? Dajjali wako wangapi?"

Mmoja akajibu, "Mmoja."

"Na sisi?"

"Wawili."

"Basi muende mukamuambie mwalimu hesabu yenu."

Wakubwa waliokuwa barazani walipasuka kwa kicheko, na kicheko hicho hakikuwa juu yetu. Tulizunguka nyumba zote hivyohivyo, akipeana mikono na watu asiowaona. Tuliporudi, Bibi alikuwa amekaa palepale tulipomwacha. Alimfungua mama mtandio yeye mwenyewe, akamfuta jasho.

"Nilikupenda," akasema.

"Najua, Mama. Najua sana."

Tangu siku hiyo Bibi ndiye aliyekaa nami mkekani mpaka akarudi Kasongo, na kitambaa alikifunga kulia.

Miezi ikapita. Kitambaa kikafungwa nusu siku, kisha saa chache, kisha hakikufungwa. Nikiwa na miwani, macho yalisimama sawa. Célestin alishika unyasi mmoja wima, akanipa mwingine niushushe kutoka juu, ncha ikutane na ncha. Zikakutana. Akanifunika jicho moja, nikakosa. Akanifunua, zikakutana tena. "Yanafanya kazi pamoja," akasema. Mama akaomba kujaribu. Unyasi wake ukapita mbele. Akajaribu tena, ukapita nyuma. Akacheka, akanikumbatia hata miwani ikapinda.

"Jicho lako nalo linaweza kunyooshwa," Célestin akamwambia. "Munganga anakata kidogo nyama inayolivuta, analishonea mahali pengine. Litakuwa zuri."

"Litaona?"

"Hapana."

"Basi liangalie pua. Pua nayo inataka mulinzi."

Hakulizungumza tena jicho lake. Alichotaka kilikuwa kingine. Mara nyingi, nikiwa msichana, hata nilipotoka shule ya sekondari kwa likizo, tulikuwa tukikaa nyuma ya nyumba, mbele yetu michikichi na nyuma yake vilima, naye aliniambia, "Nieleze, Zamuda. Unaona nini?"

"Naona mchikichi, Mama."

"Huo naona na miye. Nieleze ule mwingine, na nafasi ya katikati yao."

Nilisema mmoja unakuja mbele, mwingine unarudi. Alifunga jicho, akalifungua, akaangalia kwa bidii kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Unakuja namna gani?" Nilisema kuna hewa kati yao, kwamba mtu anaweza kupitisha mkono kwa macho. Akatikisa kichwa, akanishukuru, na siku nyingine akauliza tena. Aliniuliza hata katika ugonjwa wake wa mwisho, mlango ukiwa wazi, uso wake umegeukia nje.

Sikuweza kamwe kumweleza. Sasa kila baada ya sala namwomba Mwenyezi Mungu, aliyeiumba nafasi hiyo, Yeye Mwenyewe amwonyeshe.