Papai Kabla ya Chai

Nikisikia watu wakibishana kama matunda asubuhi yanajenga mwili au yanaamsha minyoo tu, huwa nacheka kabla sijajibu. Nyumbani kwetu Kinama ubishi huo ulikatwa wakati wa vita, na yaliyoukata ni makalio ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa magari, mtu wa sauti kubwa na tumbo gumu. Bawasiri zilimtesa mpaka akawa anakula amesimama. Daktari alimwambia waziwazi: kila asubuhi, kabla ya chai, ale papai, la sivyo atapasuliwa. Baba, aliyekoroma vizuri tu huku risasi zikilia upande wa Carama, alitokwa na jasho aliposikia habari ya kupasuliwa.

Ila papai nalo lilimtoa jasho. Kwetu tunda ni la mtoto. Mwanamume mzima akionekana anamenya chungwa, watu watauliza kama mkewe amegoma kupika. Mwezi wa Ramadhani baba alikula tende mbele ya msikiti mzima, lakini tende, alisema, ni dini. Basi papai akawa analila chumbani, mlango umefungwa, mimi nimekaa pembeni yake. Mtu akipiga hodi, sahani inarukia magotini kwangu. Nilinenepa! Kila asubuhi nilikuwa naomba wageni waje. Mama alikuwa akihesabu vipande vilivyopotelea tumboni mwangu na kutukumbusha sote wawili kwamba daktari ananoa kisu.

Alasiri moja risasi zikaingia mtaani kwetu, tukakimbilia Mutakura kwa shangazi. Watu walibeba magodoro, masufuria, hata cherehani. Baba alitembea njia nzima miguu imepanuka, akiguna. Tulipofika, mama akafungua kitenge alichofunga mgongoni, na ndani yake mlikuwa na papai.

"We mama! Umeacha matela, umebeba papai?" baba akafoka, maana godoro letu lilibaki Kinama.

"Matela itakupeleka choo?"

Uani kwa shangazi tuliwakuta watu wengine wa Kinama, akiwemo jirani yetu mwenye duka, mzee ambaye kwa utani hakuwa na mpinzani msikitini. Kulipokucha chai ilikuwa haina sukari na mkate haukuwepo. Wanaume walikaa mkekani. Chumba cha kujifungia hakikuwepo. Vyote vilijaa wanawake na watoto. Mama akaja na sahani ya papai, akaiweka mbele ya baba, mbele ya wote. Baba akanitupia jicho. Nilikuwa tayari nimenyoosha mikono, lakini mama akanivuta nyuma kwa gauni.

"Fundi," mwenye duka akasema, "umerudia kuwa mutoto?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Shingo ya baba ikavimba. Nilidhani ataitupa ile sahani ukutani, na niliogopa kweli, maana nilikuwa nimeshaona jinsi alivyotembea kwa maumivu jana yake.

"Niko na bawasiri," akasema, kwa sauti ileile ya gereji. "Nisipokula hii, dokteri atanipasua. Na mi sitaki kupasuliwa. Sasa mucheke."

Hakuna aliyecheka. Baba akala, maji ya papai yakimtiririka kidevuni, wala hakuyafuta. Nilimwonea fahari sana asubuhi ile, kuliko siku zote nilizomwona akiamsha injini zilizowashinda wenzake. Mama alijifanya anapepeta mchele, na mchele wenyewe hatukuwa nao.

Mwenye duka alimtazama baba mpaka sahani ikafika nusu. Kisha akajisogeza kwa ubavu, polepole, kama mtu asiyeweza kukalia upande mmoja, akamnong'oneza, "Inasaidiaka?"

"Inasaidia, wallahi."

Mzee akainuka, akaaga kwamba anakwenda kuangalia kama soko limefunguliwa. Alirudi koti limemvimba tumboni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa papai kubwa la manjano na kutangaza kwamba amewaletea batoto. Sisi watoto tukamvamia.

"Apana, mungoje kwanza," akasema, huku akimkabidhi baba kisu. "Fundi, anza na mi."